Vidonge vya Mama Chanchal

Chandrakala alikuwa akisukuma chapati redio ilipotaja kidonge chake kwa jina.

Ilikuwa saa ya mlo wa mchana. Milango ya duka ilikuwa imerudishwa nusu, na mumewe, Gopal, ameketi mkekani nyuma ya duka akisikiliza habari za Kihindustani kutoka Nairobi, namna mtu anavyosikiliza mvua inayonyesha kwenye mlima wa mbali. Mtangazaji alisema huko Ulaya wamezaliwa watoto wengi wasio na mikono, na wengine wasio na miguu. Kwamba madaktari wanabishana, lakini baadhi yao wanakishuku kidonge cha usingizi ambacho mama zao walipewa kutuliza kichefuchefu cha mimba. Akakitaja kidonge chenyewe. Kisha, kwa sauti ile ile, akaingia kwenye bei ya pamba.

Mti wa kusukumia ulisita juu ya donge. Mkono wa Chandrakala ulikwenda tumboni, ukaacha alama ya unga juu ya sari yake ya kijani. Mtoto akapiga teke, kama alivyozoea kupiga saa kama ile, na kwa mara ya kwanza teke lile halikumfurahisha. Alijiuliza: amenipiga kwa kitu gani? Kwa unyayo? Kwa goti? Au kwa kitu ambacho bado hakijapewa jina?

"Chapati inaungua," alisema Gopal.

Huo ulikuwa mwaka wa 1962, mwezi wa Julai, mahindi yakivunwa vilimani kote kuizunguka Nyamira. Chandrakala alikuwa ameishi katika kituo kile cha biashara tangu alipoolewa. Duka la Gopal liliuza chumvi, mafuta ya taa, kanga, majembe na sabuni ya mche. Nyuma yake vilikuwapo vyumba viwili, jiko, na ua uliopakana na migomba ya watu. Mtoto wao wa kwanza, Chanchal, alikuwa amekwisha kuota meno ya kudumu. Baada yake mimba mbili zilikuwa zimeharibika, na hii ya sasa ilikuja wakati ambapo Chandrakala alikwisha kuzigawa nguo za kitoto kwa ndugu.

Ilimjia kwa ukali. Mwanzoni mwa mwaka alitapika hata maji. Wifi yake alikuwa amerudi kutoka London wiki zile zile, akamwachia kichupa cha vidonge vyeupe. "Havina madhara yoyote," alisema wifi. "Kule hata watoto wachanga wanapewa walale." Chandrakala alimeza kimoja, akalala kama jiwe lililotua chini ya kisima, na alipoamka tumbo lilikuwa limetulia. Alimeza kingine, na kingine.

Hilo lilikuwa lake, na kama lingekuwa lake peke yake pengine angeweza kulibeba. Lakini uani mwake alikuwapo Nyamusi.

Nyamusi alikuja kila asubuhi kutoka Sironga kumfulia nguo, kupepeta dengu na kumchunga Chanchal. Mumewe, Ogari, alikuwa kibarua kwenye mashamba ya chai ya Kericho, akirudi mara moja moja. Wanawake hawa wawili walizungumza Kiswahili, ambacho hakikuwa lugha ya mama ya yeyote kati yao. Mmoja alikijenga kwa Kigujarati, mwingine kwa Ekegusii, na mahali kilipopungua walicheka. Januari ile waligundua kwamba wote wawili ni wajawazito, na kicheko kikazidi. Asubuhi moja Chandrakala alimkuta Nyamusi ameinama kwenye migomba, ameshika mgomba kwa mikono miwili, anatapika nyongo. Aliingia ndani mbio, akamimina vidonge vichache kwenye kipande cha gazeti, akakisokota.

"Hii dawa nzuri sana. Mimi nakula. Utalala, utapona."

"Asante, Mama Chanchal," alisema Nyamusi. "Mungu akuweke."

Sasa, mbele ya chapati iliyoungua, maneno yale yalimrudia moja moja, na kila moja lilikuwa na jino.

*

Gopal alimpeleka Kisii kwa pikapu ya duka, wakisema wanakwenda kuchukua bidhaa. Daktari Dinesh alikuwa na kliniki karibu na soko. Mtu wa makamo, mpole, aliyevaa miwani mizito na kuzungumza kama anayepima kila neno kwenye mizani kabla ya kulifunga. Alikichukua kichupa, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, na ukimya wake ukamjibu Chandrakala kabla ya mdomo.

"Thalidomaidi," alisema. "Ndiyo hii."

"Basi mtoto wangu hana mikono."

"Sikusema hivyo, dada. Hakuna awezaye kusema hivyo." Aliketi. "Nisikilize vizuri, kwa sababu hata sisi madaktari hatujakubaliana. Yupo daktari mmoja Ujerumani na mwingine Australia, hawajuani, na kila mmoja kwa upande wake aliona jambo lile lile: watoto wa namna hii wameongezeka ghafla, na mama zao walimeza kidonge hiki. Wapo wengine wanaopinga. Wanasema watoto wa namna hii walizaliwa tangu zamani. Wanasema huenda ni virusi, huenda ni vyakula. Na wapo mama waliomeza wakazaa watoto wazima kabisa."

"Kwa nini hao wazima?"

"Inaonekana kuna siku chache tu, mwanzo kabisa, mikono na miguu inapochipuka. Aliyemeza siku hizo amekutana na balaa. Aliyemeza baadaye, pengine hakuna kitu. Unakumbuka ulianza lini?"

Chandrakala alijaribu. Akaona Januari yote mbele yake kama nguo iliyofuliwa pamoja na yenye kuchuja rangi. Siku zilikuwa zimeingiliana, hakuna iliyobaki na weupe wake.

"Unaweza kutazama ndani?" aliuliza.

Daktari alivua miwani. "Kisumu iko mashine ya eksirei. Mifupa ingeonekana. Lakini sitakuficha: yupo mtafiti Uingereza, mwanamke, ambaye amekuwa akisema kwa miaka kadhaa sasa kwamba watoto waliopigwa picha wakiwa tumboni hufa zaidi kwa saratani ya damu kuliko wengine. Wakubwa wengi wanambishia. Mimi sijui nani yuko sahihi. Najua tu kwamba nikikupeleka Kisumu, nitakuwa nimeondoa hofu moja kwa kupanda nyingine. Na tukiona, dada, hatuna la kufanya."

Hivi ndivyo Chandrakala alivyojua kwamba elimu nayo ina giza lake, na kwamba mtu aliyesoma akisimama ukingoni mwa giza lile hutetemeka kama mwingine yeyote. Alitikisa kichwa. Hakwenda Kisumu.

Walipokuwa wakiondoka, daktari aliuliza, kama jambo dogo: "Vidonge hivi ulimpa mtu mwingine?"

Gopal alimtazama mkewe. Chandrakala alitazama sakafu.

"Hapana," alisema.

*

Njia nzima ya kurudi, vumbi likiingia madirishani, Gopal hakusema kitu mpaka walipopita Kiogoro. Hapo alizungumza huku akiitazama barabara, kana kwamba ndiyo anayoiuliza.

"Alipewa vingapi, yule mwanamke?"

"Vichache."

"Usimwambie. Usimwambie mtu." Mikono yake ilikuwa imekaza usukani. "Mwaka ujao au mwaka kesho kutwa watu hawa watajitawala. Wengi ni wema, tumeishi nao. Lakini ikisemwa kwamba mke wa Mhindi alimlisha mwanamke wao sumu, akazaa kiwete, nani atasimama barazani kueleza habari za Ujerumani na Australia? Watachoma duka, Chandra. Tukiwa ndani."

"Haikuwa sumu. Nilimpa nilichokula mwenyewe."

"Najua. Wao hawajui."

Chandrakala alinyamaza, si kwa sababu alikubali, bali kwa sababu woga wa mumewe ulikuwa umeukuta wake, na hofu mbili zikikutana hupeana mikono kama ndugu.

Kuanzia siku ile Chandrakala hakuona tena watu, aliona mikono. Mikono ya wanunuzi ikinyooshwa juu ya meza ya duka, mikono ya vijana ikibeba magunia, mikono ya akina mama wa Kisabato ikiwa imekunjwa Jumamosi wakitoka kanisani. Alimshika Chanchal akaivuta mikono yake na kuitazama mpaka mtoto akalia. Alipokuwa akioga aliukandamiza ukuta wa tumbo kwa vidole, akitafuta kiwiko, na kila alipodhani amekipata kilipotea.

Mbele ya Nyamusi alikuwa kama mwizi anayelala nyumba moja na mwenye mali. Hakuweza kumtazama machoni, wala hakuweza kumwacha aende. Alimkataza kuinua ndoo. Alimpa maziwa, alimpa samli kwenye kopo, akampa kanga mpya ya kumbebea mtoto na palepale akajuta, kwa kuwa aliwaza: atambebaje?

"Mama Chanchal," alisema Nyamusi siku moja, mikono yake imezama kwenye povu, tumbo lake likigusa ukingo wa karai. "Mimi nimekukosea?"

"Hapana. Kwa nini?"

"Unanipa vitu kama mtu anayesafiri. Halafu huniangalii."

"Ni joto tu. Na mimba hii."

Nyamusi alicheka, akakamua shati. "Yangu imekaa vizuri. Ile dawa yako ilinisaidia sana. Nilimwambia hata mama mkwe."

Chandrakala aliingia ndani, akaketi juu ya gunia la mchele, na kuuma ncha ya sari yake ili asipige kelele.

*

Septemba ilipoanza Nyamusi hakuja. Siku ya kwanza haikuwa ajabu. Wiki ilipopita bila habari, Chandrakala alianza kukaa dukani pamoja na Gopal, akijidai kupanga vitambaa, masikio yakiwa barazani. Miaka ile yote alikuwa ameokota Ekegusii kama kuku anavyookota punje, na alasiri moja, wanawake wawili waliokuja kununua chumvi walipoinamiana, aliokota mbili: *omwana*, mtoto, na *amaboko*, mikono.

Hakungoja. Alimfuata mmoja wao hadi barabarani. Aliitwa Loice, aliuza ndizi siku za soko, na nyumbani kwake hapakuwa mbali na kwa Nyamusi.

"Nyamusi amezaa?"

Loice alitazama huku na huku. "Amezaa, mama. Msichana. Lakini heri Mungu asingempa." Aliinua mikono yake mwenyewe, akaikunja mpaka viganja vikakaribia mabega. "Mikono ni hivi. Mifupi, kama bawa la kifaranga. Vidole viko, lakini si vyote. Kichwa ni kizuri, miguu ni mizuri, ananyonya. Ila hiyo mikono."

"Na Nyamusi?"

"Nyamusi yuko taabani. Wanasema ametembea nje, mumewe akiwa Kericho. Wanasema mtoto amebeba makosa ya mama. Mama mkwe wake ni mtu wa kanisa, lakini hata yeye ameshindwa. Wametuma mtu amwite Ogari. Akifika watamrudisha Nyamusi kwao Magwagwa."

"Na mtoto?"

Loice alijitwika kikapu chake, akaenda.

Chandrakala alibaki barabarani. Lori lilipita likamfunika vumbi na hakusogea. Kwa wiki zote zile alikuwa akiogopa jambo moja: kwamba ukweli utajulikana. Haikuwa imempitia akilini kwamba kimya nacho kitazaa, kitazaa uongo wenye mikono mirefu, wa kumfikia mwanamke kitandani kwake na kumtoa nje. Aliogopa bado. Aliogopa kuliko jana. Lakini hofu ilikuwa imegeuka uso. Sasa ilikuwa inamsukuma kutoka nyuma.

Alingoja siku ambayo Gopal alikwenda Kisii. Alimwacha Chanchal kwa jirani, mke wa fundi cherehani, akakifunga kichupa kwenye ncha ya sari, akamtafuta Loice sokoni.

"Nipeleke kwa Nyamusi."

"Wewe? Na hilo tumbo? Ni kupanda mlima, mama."

"Nipeleke."

*

Hakuwahi kuingia katika boma la Mgusii hata siku moja. Waliomzunguka walikuja dukani, wakasimama upande wao wa meza, wakaenda zao. Alizijua sauti zao na madeni yao ya sukari, hakuyajua makao yao. Sasa alipanda kijia kati ya migomba na mashamba ya pareto, matope yakimkamata viatu, pumzi ikimkatika, mbwa wakimbwekea kutoka boma hadi boma. Watoto walimfuata. Kisha watu wazima. Alipofika kwenye ua wa Nyamusi nyuma yake palikuwa na kundi, na hakuthubutu kugeuka kulitazama.

Nyumba ilikuwa ya udongo, imepakwa vizuri, na mlangoni alisimama mwanamke mrefu aliyejifunga kitambaa cheupe kichwani. Huyo alikuwa Nyangate, mama yake Ogari. Nyamusi aliketi chini ya upenu wa nyumba, mgongo ukutani, kitu kimefunikwa kwa kanga kifuani pake. Ilikuwa ile kanga mpya. Alikuwa amekonda uso. Alipomwona Chandrakala alishtuka, kisha akatabasamu, na tabasamu lile nusura limrudishe Chandrakala alikotoka.

"*Bwakire*," Chandrakala alimsalimu Nyangate.

Nyangate aliitikia, akasema maneno mengine, upesi, kwa Loice.

"Anauliza umefuata nini," alisema Loice. "Kama ni kazi, Nyamusi hawezi kazi. Kiswahili yeye hasikii sana."

"Nimekuja kusema neno."

"Sema, nitamwambia."

"Hapana," alisema Nyamusi kutoka pale chini. "Ni tajiri wangu. Nitamwambia mimi."

Hapo Chandrakala alitamani ardhi impokee. Alikuwa amejiandaa kusema mbele ya mama mkwe, mbele ya umati, hata mbele ya moto. Hakuwa amejiandaa maneno yale yapite kwanza katika kinywa cha Nyamusi. Lakini kundi lilikuwa likingoja, na mtoto tumboni mwake alijigeuza kwa uzito, na akasema.

"Mwambie kwamba Nyamusi hakufanya kosa. Mwambie makosa ni ya dawa. Ile dawa ya kutapika niliyompa, ndiyo imekata mikono ya mtoto. Huko Ulaya watoto wengi wamezaliwa hivi. Redio imesema. Daktari amesema. Nyamusi hakutembea nje. Ni mimi. Nilimpa kwa mkono wangu."

Nyamusi hakutafsiri.

Alimtazama Chandrakala kwa muda mrefu, mdomo umefunguka kidogo, kama mtu aliyeitwa kwa jina na sauti asiyoijua. Nyangate alisema neno kali. Nyamusi hakugeuka. Nyangate akalirudia. Loice alianza kufungua mdomo, na Nyamusi akainua kiganja kumzuia.

"Ulijua lini?" aliuliza.

"Wakati wa kuvuna mahindi."

"Wakati wa kuvuna mahindi." Aliyarudia polepole, kana kwamba anayatafsiri kwa ajili ya nafsi yake. "Ukanipa samli."

"Ndiyo."

"Habari ya ile samli nilimpelekea Ogari. Nikasema, yule Mhindi ananipenda."

Chandrakala alilia, bila sauti, machozi yakishuka mpaka kidevuni. Hakuyafuta.

Ndipo Nyamusi akamgeukia mama mkwe wake, akasema. Alisema kwa Ekegusii, kwa sauti isiyopanda, na alisema marefu kuliko yote aliyoambiwa. Chandrakala aliokota neno hapa na pale: dawa, mikono, jina la Ogari, jina la Mungu. Alielewa kwamba Nyamusi hatafsiri tena bali anazungumza. Kwamba mambo aliyoyaweka moyoni tangu siku ya uzazi yamepata mlango. Kundi lilianza kunong'ona. Mzee mmoja nyuma alisema jambo, kijana mmoja akamjibu kwa hasira. Hivi ndivyo inavyoanza, aliwaza Chandrakala. Alifikiria duka, na Gopal akirudi kwenye moshi.

Nyangate alinyoosha mkono. Chandrakala alielewa. Alifungua fundo la sari, akampa kichupa. Mama mzee alitoa kidonge kimoja, akakiweka katikati ya kiganja chake kikubwa chenye sugu za jembe, akakikodolea macho. Kilikuwa kidogo, cheupe, safi. Alikisogeza kwa kidole. Kisha macho yake yakahama kutoka kidongeni, yakashuka hadi kwenye tumbo lililosimama mbele yake, yakatulia hapo. Aliuliza swali fupi.

Nyamusi alichelewa kulisema. Yeye naye alikuwa ametazama pale, na ni kama ndiyo kwanza aone.

"Anauliza," alisema, "na wewe ulikula?"

"Nilikula," alisema Chandrakala. "Zaidi yako."

Hakukuwa na haja ya kutafsiri. Nyangate alivuta pumzi kupitia meno. Alikirudisha kidonge kwenye kichupa, akakifunga, akageuka akawaambia watu waliojaa ua maneno machache makavu, nao wakaanza kurudi nyuma, wengine wakisitasita, wengine wakiangalia chini. Yule kijana mwenye hasira alikuwa wa mwisho kuondoka. Kisha Nyangate aliingia ndani, akatoka na kigoda, akakiweka kivulini.

"Anasema ukae," alisema Nyamusi. "Anasema mwenye mimba hasimamishwi juani."

Chandrakala aliketi. Mtoto alilia ndani ya kanga, na Nyamusi akamfunua ili amnyonyeshe, na Chandrakala akaona: uso wa duara, nywele za unyevu, macho meusi yanayotafuta, na kando ya kila bega kimkono kifupi, chenye vidole vitatu laini, vikifumba na kufumbua juu ya ziwa la mama yake.

"Anaitwa nani?"

"Bochaberi."

Chandrakala alinyoosha mikono yake bila kufikiri.

"Hapana," alisema Nyamusi. "Leo sikupi."

"Sawa."

"Labda siku nyingine. Sijui. Leo hapana."

*

Ogari alifika kutoka Kericho, akakuta mambo yamesemwa, na Nyamusi hakurudishwa Magwagwa. Kuna waliokataa kuamini habari ya kidonge, wakaendelea kunong'ona. Mnong'ono haufi kwa siku moja. Gopal aliposikia mkewe alikokwenda, alikaa juu ya ngazi ya duka, kichwa mikononi, na kwa siku nyingi akafunga milango jua likiwa bado juu. Hakuna aliyerusha hata jiwe. Wateja walipungua, kisha wengine wakarudi, wakinunua bila soga. Woga ulibaki nyumbani kwao kama mgeni asiyesema ataondoka lini.

Daktari Dinesh aliambiwa ukweli safari hii. Hakumkaripia. Alisema tu kwamba wale wanaohesabu huko Ulaya wangetaka kujua, kwani hakuwa amesikia mtoto wa namna hii kutoka pande hizi; akauliza kama mama angekubali mtoto apimwe, apigwe picha. Loice alipeleka ombi, na siku ya soko Nyamusi akaja mwenyewe hadi mlango wa uani, Bochaberi mgongoni. Hakuingia.

"Wataandika jina lake?" aliuliza.

"Daktari anasema hawaandiki majina. Wanaandika namba."

Nyamusi alifikiri. "Basi wangoje. Akikua atawaambia mwenyewe kama anataka." Alimtazama Chandrakala kutoka kichwani hadi miguuni, kama fundi anavyotazama mzigo ulioegemea upande. "Tumbo limeshuka. Ni wiki hii."

"Naogopa, Nyamusi."

"Najua," alisema Nyamusi. Hakuongeza neno la kufariji. Lakini hakuondoka upesi pia. Alisimama pale mlangoni kitambo, akimtikisa mtoto mgongoni, mpaka Chandrakala alipopata pumzi.

Uchungu ulimshika asubuhi, Gopal akamkimbiza Kisii. Mkunga alikuwa mwanamke wa makamo aliyeitwa Eucabeth, mwenye mikono ya joto na maneno machache. Jua lilikuwa limejaa chumbani, likimulika ukuta, ndoo, bakuli la vyuma, kila kitu kikionekana wazi kupita kiasi. Kwa miezi miwili Chandrakala alikuwa ameliandaa swali lake. Alilala nalo na kuamka nalo. Alijua atauliza kwa lugha gani, atalianza kwa neno gani. Hata kati ya maumivu alilishika kwa meno.

Kisha mtoto akatoka, akalia. Kilikuwa kilio chenye nguvu, cha kulaumu. Alisikia mkasi ukiwekwa chini. Alisikia maji. Akasikia pia kimya cha Eucabeth, na hakuweza kujua ni kimya cha namna gani. Kuna kimya cha mtu anayefanya kazi, na kuna kimya kingine. Kichwa chake kilikuwa kimegeukia dirishani. Alisikia hatua zikija, kitambaa kikikunjwa na kukunjwa tena.

"Mama," alianza Eucabeth.

Swali lilikuja mpaka ncha ya ulimi. Likasimama pale. Na Chandrakala akaona kwamba hana haja nalo tena.

"Usiniambie," alisema. "Nipe kwanza."

Akageuka, akanyoosha mikono.